Chumba cha Vioo Katika Nchi ya Joto

Pongwe iko magharibi ya mji wa Tanga, mwendo usiotimia kilomita ishirini kwa barabara iendayo Muheza na Segera. Msomaji asiichanganye na Pongwe ya Unguja, iliyo pwani ya mashariki ya kisiwa hicho. Ardhi ya Pongwe yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa, na hiyo ndiyo sababu kiwanda cha saruji kikajengwa huko. Hewa yake ni ile ile ya pwani ya kaskazini ya Tanzania: joto na unyevunyevu takriban mwaka mzima, upepo wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na upepo wa kusi kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Katika miezi ya Januari na Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 za Sentigredi, au huzidi kidogo.

Huko ndiko anakokaa mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, pamoja na mkewe, ambaye siku hizi magoti yamemwishia nguvu na aghalabu hushinda nyumbani. Binti yao anafanya kazi Ulaya. Mwaka mmoja alituma picha ya nyumba ya huko iliyoongezewa chumba cha vioo upande wa bustani, vioo kutani na vioo paani. Akatuma na fedha, akiomba mama yake ajengewe chumba kama hicho, apate kukaa akitazama miti na barabara bila kusumbuliwa na vumbi wala mbu. Fundi akaja, akapima eneo la mita 4 kwa 3, akapewa fedha za kutangulia, na vioo viwili vikanunuliwa.

Kabla ya kumalizia malipo, mjomba alinisubiri nifike likizo. Nilipokwisha kumwamkia shikamoo na kukaa, akanionyesha ile picha, akasema: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyevuka bahari kwenda kusomea mambo ya joto. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Mkazamjomba wako ataweza kukaa humo saa nane mchana?"

Nimefundisha chuoni miaka mingi, na ni mara chache nimeulizwa swali lililonyooka kama hilo. Makala haya ni jibu nililompa mjomba, nikilipanga upya kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Hesabu zote zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzifuata.

CHUMBA CHA VIOO KILITOKA WAPI

Chumba cha vioo ni mtoto wa nchi za baridi. Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva huko Uswisi, alianza kujaribu visanduku vilivyofunikwa kwa vioo na kuanikwa juani. Kwa kisanduku alichokiboresha baadaye, chenye ndani nyeusi na vioo vitatu juu yake, alipata joto lililozidi lile la maji yachemkayo. Hapakuwa na moto wowote ndani, ila jua na kioo tu.

Katika karne iliyofuata elimu hiyo ilitumika kujenga majumba makubwa. Kati ya mwaka 1844 na 1848 ilijengwa Nyumba ya Minazi katika bustani ya Kew, London. Ni jumba la chuma na vioo lililokusudiwa kutunza mimea ya nchi zetu, jamii za minazi na michikichi, ambayo haiwezi kuishi nje katika baridi ya Uingereza. Hata hivyo joto la jua halikutosha wakati wa kipupwe, ikabidi kuongeza matanuri ya makaa. Mwaka 1851 Joseph Paxton alijenga jumba kubwa zaidi la vioo kwa ajili ya maonyesho ya London. Kiangazi kilipofika, ilibidi paa lake lifunikwe kwa vitambaa upande wa nje na mapengo ya hewa yaachwe kutani, ili watu waliomo wasihemewe. Mwanzoni mwa karne ya ishirini daktari Auguste Rollier akawalaza wagonjwa wa kifua kikuu kwenye baraza za jua katika milima ya Uswisi, na tangu hapo mahali pa kuota jua pakawa ni alama ya afya katika fikira za watu wengi wa Ulaya.

Mimi mwenyewe nilipokuwa masomoni Uingereza niliishi katika nyumba yenye chumba cha namna hiyo. Mwezi wa Februari, theluji ikiwa nje, nilikaa humo na vitabu vyangu nikahisi kama nimerudi nyumbani. Sina neno baya juu ya chumba kile, kwa kuwa kilifanya kazi kiliyojengewa.

Basi tuliangalie jambo hili kwa makini. Ikiwa jumba la Kew lilijengwa ili pembe moja ya London ipate joto la Tanga, je, tukilijenga jumba hilo Tanga kwenyewe, tutapata joto la wapi?

JINSI KIOO KINAVYOTEGA JOTO

Joto husafiri kwa njia tatu. Kwanza ni mpitisho, ambapo joto hupita ndani ya kitu kutoka punje hadi punje, kama katika kijiko kilichoachwa ndani ya chai. Pili ni myuko, ambapo hewa au maji yenye moto huinuka na ya baridi kushuka mahali pake. Tatu ni mnunurisho, ambapo joto husafiri kwa mawimbi bila kuhitaji kitu cha kulichukua, kama litokavyo kwenye jua hadi kwetu.

Kila kitu hutoa mnunurisho, lakini urefu wa mawimbi yake hutegemea joto la kitu chenyewe. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi: karibu yote ni mafupi kuliko sehemu 3 za milioni ya mita. Kioo cha dirisha huyapitisha mawimbi hayo kwa wepesi. Katika kila sehemu 100 za nishati ya jua inayokiangukia kikabili, 80 hivi au zaidi huingia ndani. Nishati hiyo huangukia sakafu, viti, kuta na watu, ikawatia joto. Vitu hivyo navyo hutoa mnunurisho wao, ila kwa kuwa joto lao ni la nyuzi 30 au 50 tu, mawimbi yao ni marefu zaidi, nayo kioo hakiyapitishi. Huyameza, kikapata moto, kisha hutoa sehemu ya joto hilo nje na sehemu nyingine hulirudisha ndani.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na hapo ndipo penye upungufu. Mwaka 1909 Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, alitengeneza visanduku viwili. Kimoja alikifunika kwa kioo, cha pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo hupitisha mawimbi mafupi na marefu pia. Kama kuzuiwa kwa mawimbi marefu kungekuwa ndiyo sababu kuu ya joto, kisanduku cha pili kingebaki na ubaridi mwingi zaidi. Alipokwisha kuhakikisha kwamba vyote viwili vinapata nishati iliyo sawa, tofauti ya joto kati yao ilikuwa ndogo mno. Maana yake ni kwamba katika kisanduku au chumba kidogo, kazi kubwa ya kifuniko ni kuifungia hewa. Hewa iliyopata moto yataka kupanda na kwenda zake, nacho kioo huizuia. Myuko umefungiwa mlango.

(Angahewa ya dunia ni habari nyingine. Huko juu hakuna kifuniko, na gesi kama kaboni dioksaidi hushikilia joto kwa kumeza mawimbi marefu. Jina la "athari ya nyumba ya vioo" limeazimwa tu.)

Jambo hili lina faida ya vitendo. Latufundisha kwamba katika chumba cha vioo, kufungua mapengo ya hewa ni muhimu kuliko kuchagua aina ya kioo.

JUA LA TANGA NA JUA LA LONDON

Mwanafunzi wa jiografia anajua kanuni hii: kimo cha jua adhuhuri ni nyuzi 90 kutoa tofauti iliyopo kati ya latitudo ya mahali na latitudo ambayo jua liko utosini mwake siku hiyo. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Tarehe 21 Juni jua huwa utosini nyuzi 23.4 kaskazini, kwa hiyo tofauti ni 28.4, na kimo cha jua la Tanga adhuhuri ni nyuzi 61.6, upande wa kaskazini. Tarehe 22 Desemba jua huwa nyuzi 23.4 kusini. Tofauti ni 18.4, na kimo ni nyuzi 71.6, upande wa kusini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi kabisa.

Sasa ifanye hesabu hiyo hiyo kwa London, iliyo nyuzi 51.5 kaskazini. Tarehe 21 Juni kimo ni nyuzi 61.9. Tarehe 22 Desemba ni nyuzi 15.1 tu.

Linganisha hesabu hizo. Jua la juu kabisa la London, siku moja katika mwaka, lina kimo sawa na jua la chini kabisa la Tanga. Fundi wa Ulaya hujenga ukuta wa kioo uelekeao kusini ili aliwahi jua la kipupwe linalopita chini karibu na upeo wa macho. Kwetu sisi jua la adhuhuri hupiga paa mwaka mzima. Paa la kioo katika Pongwe ni dirisha lililofunguliwa kuelekea kwenye tanuri.

Kuta nazo zina sheria yake. Ukuta wa kaskazini na ule wa kusini hukingwa kwa upenu usio mkubwa, kwa sababu jua linapokuwa pande hizo liko juu. Ikiwa kutoka upenuni hadi chini ya dirisha ni mita 1.8, upenu wenye upana wa mita 1 utalikinga dirisha la kaskazini adhuhuri ya Juni, na senti­mita 60 zatosha upande wa kusini. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ni taabu, maana asubuhi na jioni jua liko chini na huingia chini ya upenu wowote. Pande hizo zataka miti, ua wa makuti, au ukuta usio na dirisha kubwa.

HESABU YA CHUMBA CHA MJOMBA

Mchana wa jua kali, kila mita mraba ya ardhi hupokea nishati ya wati 1,000 hivi. Paa la chumba kile lilikuwa la mita 4 kwa 3, yaani mita mraba 12. Kama kioo kinapitisha asilimia 80:

12 × 1,000 × 0.8 = wati 9,600

Pasi ya umeme ya kawaida hutumia wati 1,000 hivi. Kwa hiyo chumba hicho adhuhuri ni sawa na chumba kilichowashwa pasi tisa au kumi, zote zikiwaka kwa pamoja. Nami sijahesabu bado jua liingialo kwa kuta.

Tutazame hewa iliyomo. Kwa kimo cha mita 2.5 chumba kina mita za ujazo 30. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na kilo moja ya hewa yahitaji jouli 1,000 kupanda nyuzi moja. Hewa yote basi ni kilo 36, na yahitaji jouli 36,000 kwa kila nyuzi. Wati 9,600 ni jouli 9,600 kwa sekunde. Kama joto lote lingeingia hewani, hewa ingepanda nyuzi moja kwa kila sekunde nne. Kwa kweli sakafu na kuta humeza kwanza sehemu kubwa, na sehemu hupotea nje kwa njia ya vioo. Lakini sakafu ikisha shiba joto hulirudisha, na ndiyo maana chumba cha namna hiyo huwa kibaya zaidi baada ya adhuhuri. Saa nane mchana, saa ile aliyoitaja mjomba, ni miongoni mwa saa zake mbaya kabisa.

Mtu atasema: tutafungua madirisha. Vema, tuhesabu. Tuseme twaridhika hewa ya ndani iwe na joto la nyuzi 5 tu zaidi ya hewa ya nje. Kila mita ya ujazo ya hewa ikitoka huchukua 1.2 × 1,000 × 5, yaani jouli 6,000. Ili kuondoa jouli 9,600 kila sekunde twahitaji:

9,600 ÷ 6,000 = mita za ujazo 1.6 kwa sekunde

Hewa yote ya chumba itabidi ibadilishwe kila baada ya sekunde 19. Kwa upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde, twataka pengo la mita mraba 1.6 upande wa kuingilia na jingine la ukubwa huo huo upande wa kutokea, nayo yasifungwe mchana kutwa. Chumba chenye mapengo hayo kimekwisha kuwa baraza, na hata hivyo jua bado linawapiga waliomo kichwani.

MWILI WA BINADAMU

Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, nalo halina budi kutoka mwilini. Ngozi ina joto la nyuzi 33 hadi 35. Hewa inapokuwa na joto lililokaribia hilo, mwili hauwezi kupoteza joto kwa mpitisho wala kwa myuko, hubaki na jasho tu. Kila kilo ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa jouli milioni 2.4. Kwa wati 100 yahitajika gramu 150 za jasho kila saa. Jua la moja kwa moja likimpiga mtu aliyekaa chini ya paa la kioo, mwili huongezewa wati 200 au zaidi, na jasho linalohitajika huwa mara tatu.

Jasho hupoza likikauka, si likidondoka. Katika hewa ya pwani yenye unyevu mwingi, na chumbani mlimofungiwa pasipo upepo, jasho hutiririka na kudondoka bure. Kwa vijana hiyo ni karaha tu. Kwa wazee ni hatari: tezi za jasho zimepungua nguvu, kiu huchelewa kuhisiwa, na moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi. Mzee mwenye magoti mabovu, aliyekalishwa kwenye kiti na kuachwa peke yake mchana, hawezi kuinuka upesi akahama. Hapo ndipo niliposimamisha hesabu na kumjibu mjomba: hapana, hataweza kukaa humo saa nane mchana, na haifai akae.

JE, HAKUNA DAWA?

Mjomba alikuwa mwalimu, hakukubali jibu bila kulipekua. Alitaja dawa tatu alizoambiwa na fundi.

Ya kwanza ni kioo cheusi. Kioo hicho huzuia sehemu ya nishati isiingie, lakini hukizuia kwa kuimeza. Kioo chenyewe hupata moto, kikatoa sehemu ya joto hilo ndani. Kioo kinachorudisha jua nyuma ni bora zaidi, ila hakuna kioo kinachoshinda kivuli cha kawaida.

Ya pili ni pazia. Pazia lililo ndani huchelewa: jua limekwisha kuingia, na joto ambalo pazia hulimeza hubaki chumbani. Pazia au mkeka ukitundikwa nje ya kioo, joto hubaki nje. Paxton aliyajua hayo mwaka 1851, ndipo vitambaa vyake akavitandaza juu ya paa.

Ya tatu ni kiyoyozi. Mashine nzuri huondoa jouli 3 za joto kwa kila jouli 1 ya umeme. Kuondoa wati 9,600 kwataka wati 3,200 za umeme. Kwa saa 5 kila siku ni yuniti 16, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 480. Pensheni ya mwalimu haikukusudiwa kuyapoza majua.

WALIOTUTANGULIA WALIJENGA VIPI

Nyumba za kale za mawe katika miji ya pwani, kama zile za Pangani, zina kuta zipatazo nusu mita kwa unene, zilizopakwa chokaa nyeupe. Unene huo huchelewesha joto la mchana lisifike ndani upesi, na weupe hulirudisha jua lilikotoka. Mbele pana baraza na nyuma pana ua, na hewa hupita kati yao. Beit al Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilizungushiwa roshani pana ili jua lisiguse kuta za vyumba. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020, lakini somo lake la kivuli lingali hai. Wajerumani waliojenga Tanga, ingawa walitoka nchi ya baridi, nao walizungushia roshani majengo yao mengi. Katika miaka ya 1970 msanifu majengo Beda Amuli alichora Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, likafunikwa kwa paa la miavuli mikubwa ya zege ili hewa ipite chini yake. Soko hilo liliungua Julai 2021, nalo ni ushahidi kwamba jengo la kisasa laweza kujengwa kwa kuanzia na kivuli.

Hawa wote hawakuwa na elimu moja wala lugha moja, lakini walikubaliana juu ya kanuni moja: zuia jua kabla halijagusa nyumba, kisha acha upepo upite.

KILICHOJENGWA PONGWE

Binti wa mjomba hakupendezwa na habari hizi. Alidhani twamnyima mama yake kitu kizuri. Kwa hiyo tulifanya jaribio. Tulichukua boksi, tukalipaka masizi ndani, tukasimamisha mshumaa katikati, tukalifunika kwa kimoja cha vile vioo viwili na kuliweka juani. Mshumaa wa pili tuliusimamisha chini ya mwembe. Baada ya muda mshumaa wa bokisini ulipinda kama ndizi, na ule wa kivulini ulisimama wima. Mjomba alipiga picha ya mishumaa yote miwili, akamtumia binti yake. Jibu likaja jioni: "Baba, jengeni mjuavyo."

Ikajengwa baraza ya ukubwa ule ule, mita 4 kwa 3, upande wa kusini wa nyumba, ikipokea kusi na kaskazi pia. Paa ni la mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, yenye silingi chini yake na nafasi ya hewa kati ya hizo mbili. Upenu umetoka mita 1. Ukuta wa chini una kimo cha kiti na umepakwa chokaa. Juu yake pande zote zilizo wazi zina wavu wa mbu. Kwa kuwa wavu hupunguza nguvu ya upepo, mapengo yameachwa makubwa kuliko hesabu ilivyotaka. Upande wa magharibi, lilikotoka vumbi la barabara, umepandwa miti na kutundikwa mkeka unaoshushwa alasiri. Mkazamjomba hushinda hapo, akichambua mboga na kuwajua wapita njia wote.

MAHALI PA KIOO

Vioo vile viwili havikutupwa. Mjomba alitengeneza sanduku la mbao lenye bamba jeusi ndani, tundu za hewa chini mbele na nyingine juu nyuma, na kioo juu kilichoinamishwa kidogo ili mvua isituame. Ni kaushio la jua. Hewa ya nje yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ikiingia humo na kupanda hadi nyuzi 45, unyevu wake hushuka hadi asilimia 33 hivi, kwa kuwa hewa yenye joto zaidi huweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Hewa kavu namna hiyo hukausha maembe na mihogo upesi, mbali na inzi na vumbi. Kukausha upesi si anasa: mahindi na karanga zikikaa na unyevu huota kuvu watoao sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo kioo hakina kosa. Kioo ni mtego wa joto, na kila mtego una mahali pake. Tuuweke palipo na muhogo wa kukaushwa, tusiuweke alipoketi mama.

JARIBIO LA DARASANI

Zana: maboksi matatu ya viatu yaliyo sawa, karatasi nyeusi, vipande viwili vya kioo vilivyozungushiwa utepe kwenye kingo, vipimajoto vitatu, kadibodi nyeupe, vijiti vinne, saa.

Namna ya kufanya: Weka karatasi nyeusi ndani ya kila boksi, na kipimajoto kilichokingwa kwa kipande cha karatasi kisipigwe na jua moja kwa moja. Boksi A lifunike kwa kioo na uzibe mapengo. Boksi B lifunike kwa kioo, lakini toboa matundu manne chini ya ubavu mmoja na manne juu ya ubavu wa pili. Boksi C liache wazi, na juu yake simamisha kadibodi nyeupe kwa vijiti, iwe na nafasi ya kiganja kimoja. Yaweke yote juani kati ya saa tano na saa saba mchana. Soma vipimajoto kila baada ya dakika 5 kwa muda wa dakika 40, uandike katika jedwali na kuchora grafu. Mwalimu awakumbushe wanafunzi wasitazame jua.

MASWALI

1. Ni boksi gani lililopata joto kubwa kuliko yote? Tofauti kati ya A na B inathibitisha nini juu ya jaribio la Wood?

2. Tafuta kimo cha jua adhuhuri mahali pa shule yako tarehe 21 Juni na 22 Desemba. Upenu wa darasa lenu watosha kukinga madirisha?

3. Rudia hesabu ya chumba cha mjomba kwa paa la mita 5 kwa 4. Je, pengo la hewa linalohitajika ni la ukubwa gani kwa upepo wa mita 1 kwa sekunde?

4. Kwa nini gari lililofungwa juani ni hatari kwa mtoto hata kama hewa ya nje si ya joto kali?

5. Chagua nyumba moja mtaani kwenu. Chora ramani yake, onyesha pande nne za dunia, kisha toa shauri moja la kuipunguzia joto bila kutumia umeme. Lipeleke shauri hilo kwa mwenye nyumba, umweleze sababu zake.